Fedha Zilizokataliwa: Uchambuzi wa Kisa cha Filamu ya Crazy Rich Asians

Oktoba 2016, mwandishi wa riwaya Kevin Kwan na mwongozaji wa filamu Jon M. Chu walitakiwa kuchagua kati ya ofa mbili, na hawakupewa muda mrefu wa kufikiri. Netflix, kampuni inayoonyesha filamu kwa njia ya mtandao, ilikuwa imewaahidi uhuru mkubwa wa kazi, filamu tatu zilizoidhinishwa kwa pamoja, na malipo ya awali yasiyopungua dola milioni moja kwa kila mmoja wa wenye mradi, yaani fedha ambazo zingewafikia kabla mtazamaji hata mmoja hajaiona kazi yao. Warner Bros. ilikuja na ofa ndogo kuliko hiyo: filamu moja, malipo ya chini, wala hakukuwa na uhakika wowote wa filamu ya pili. Ila studio hiyo ilikuwa na njia ya kuwafikisha kwenye majumba ya sinema, jambo ambalo Netflix haikuwapa. Kwan na Chu waliichagua Warner Bros.

Filamu iliyozaliwa na uamuzi huo ni Crazy Rich Asians, kichekesho cha mapenzi kilichotoka Agosti 2018. Inamhusu Rachel Chu, mhadhiri wa uchumi wa mjini New York, anayefuatana na mpenzi wake Nick Young kwenda Singapore kuhudhuria harusi ya rafiki, na anayegundua akiwa safarini kwamba kijana aliyemdhania kuwa mtu wa kipato cha kawaida ni mrithi wa ukoo tajiri kupita kiasi. Mama yake Nick, Eleanor, hana nia ya kumpokea mkamwana asiye na ukoo unaojulikana, aliyelelewa Marekani na mama asiye na mume. Hakuna jambo geni katika mpango wa kisa hicho. Wasomaji wa hadithi za mapenzi wameujua tangu zamani. Ugeni wake ulikuwa mahali pengine: tangu The Joy Luck Club ya mwaka 1993, hakuna studio kubwa ya Hollywood iliyokuwa imetoa filamu yenye kisa cha zama hizi ambayo waigizaji wake karibu wote ni watu wenye asili ya Asia. Ilikuwa imepita miaka 25.

Uamuzi wa Oktoba 2016 umesifiwa mara nyingi, na mimi ni miongoni mwa wanaousifu. Hata hivyo, sifa hizo huishia kwenye ushujaa wa watu wawili waliokataa fedha, na kuliacha jambo ambalo naliona kuwa kiini cha kisa hiki. Filamu hii ilijengwa na mfululizo wa watu waliokataa njia nyepesi: mwandishi alikataa kumbadilisha mhusika wake, mwigizaji alikataa kukubali kwamba tarehe zimemshinda, mwigizaji mwingine alikataa kucheza mama mkatili asiye na sababu. Mahali ambapo studio yenyewe iliifuata njia nyepesi, yaani katika kumlipa mmoja wa waandishi wake wawili wa muswada, ndipo mradi wote ulipokwama baada ya mafanikio makubwa.

Kutoka riwaya hadi muswada

Kwan alizaliwa Singapore na kuhamia Marekani akiwa mtoto. Riwaya yake ilipotoka mwaka 2013, watayarishaji wa filamu walimfuata haraka, na yeye mwenyewe amesimulia kwamba mmoja wao alipendekeza Rachel ageuzwe kuwa mwanamke wa Kizungu. Pendekezo hilo si la ajabu kwa mtu anayezijua taratibu za Hollywood, ambako kwa miongo mingi iliaminika kwamba mtazamaji wa Marekani hawezi kujiona katika sura isiyo ya Kizungu. Kwan alilikataa. Alipokubaliana hatimaye na Nina Jacobson na Brad Simpson wa kampuni ya Color Force, aliwapa haki za awali za riwaya kwa dola moja tu, na badala ya fedha akadai sauti katika maamuzi ya ubunifu. Baadaye kampuni ya Ivanhoe Pictures ya John Penotti iliingia katika mradi.

Mkataba huo wa dola moja unastahili kutazamwa kwa makini kuliko inavyofanywa kwa kawaida. Mwandishi wa riwaya, akishauza haki zake, huwa hana neno tena. Studio inaweza kumwondoa mhusika, kuuhamisha mji au kuugeuza mwisho, naye akayaona mabadiliko hayo siku moja na watazamaji wengine. Kwan alinunua nafasi ya kubaki chumbani kwa kuyaachia malipo ambayo angeyapata siku ile. Alifahamu kwamba thamani ya kitabu chake ilikuwa katika watu wake, na kwamba watu hao wasingelindwa na hundi.

Muswada wa kwanza wa filamu uliandikwa na Peter Chiarelli, ambaye tayari alikuwa na jina kwa kuandika The Proposal, kichekesho cha mapenzi cha mwaka 2009 kilichofanya vizuri sana sokoni. Chu alijiunga mwaka 2016. Alikuwa mwongozaji wa filamu za dansi na za mapambano, mtoto wa wahamiaji wanaoendesha mgahawa wa Kichina katika mji wa Los Altos, California, na hadi wakati huo hakuwa ametengeneza filamu kubwa kuhusu watu wa aina ya familia yake. Baada ya kuingia kwake aliletwa Adele Lim, mzaliwa wa Malaysia aliyekuwa ameandikia tamthilia za televisheni za Marekani kwa miaka mingi. Lim aliujua kwa mwili wake mvutano ambao kisa hiki kinauhitaji: jinsi mavyaa anavyoweza kumuumiza mke wa mwanawe kwa sentensi ya upole, na jinsi upendo wa mama wa Kiasia unavyoweza kujificha ndani ya chakula, ukimya na lawama. Nitarudi kwake.

Waigizaji

Chu na wenzake waliwatafuta waigizaji Marekani, Uingereza, Australia, Singapore, Malaysia na kwingineko, wakatangaza pia usaili wa wazi mtandaoni ili yeyote aweze kutuma video yake. Upana huo wa utafutaji ulikuwa wa lazima. Hoja iliyokuwa ikitolewa miaka nenda miaka rudi ilikuwa kwamba nyota wenye asili ya Asia hawapo, na kwamba studio haiwezi kuweka dola milioni 30 juu ya majina yasiyojulikana. Lakini mtu hawezi kuwa nyota bila kupewa nafasi ya kung'aa, na nafasi zenyewe zilikuwa zikinyimwa kwa hoja hiyo hiyo ya kutokuwapo kwa nyota.

Kwa nafasi ya Rachel, Chu alimtaka Constance Wu, aliyekuwa akiigiza mama wa familia katika tamthilia ya vichekesho ya Fresh Off the Boat. Tarehe za kupiga picha ziligongana na tamthilia hiyo, na Wu akalazimika kuiachia nafasi. Muda kidogo baadaye alimwandikia Chu barua pepe, akaeleza kwamba tarehe ni tarehe na kwamba angeelewa kama haziwezi kusogezwa, lakini nafasi hiyo ina maana kubwa kwake na kwa wasichana wanaokua bila kujiona popote isipokuwa pembeni. Chu aliisoma, na upigaji picha ukaahirishwa kwa miezi kadhaa hadi Aprili 2017 ili Wu amalize kazi yake ya televisheni. Katika biashara ya filamu, kuahirisha ni gharama na ni hatari: waliokubali wanaweza kupata kazi nyingine, maeneo yaliyokodishwa yanaweza kupotea, na studio inaweza kubadili mawazo. Wao waliona hatari hiyo inafaa kubebwa kwa ajili ya mwigizaji aliyekuwa na Rachel moyoni mwake tayari.

Nick Young alikuwa na ugumu wake. Alitakiwa kijana mtanashati mwenye lafudhi ya shule za Uingereza, anayeweza kukaa katika jumba la kifahari bila kushangaa na katika meza ya chakula cha mitaani bila kuigiza unyenyekevu. Walipokuwa wamekaribia kukata tamaa, mhasibu mmoja katika ofisi ya uzalishaji huko Malaysia alimtaja mtangazaji wa televisheni aliyewahi kukutana naye katika hafla miaka ya nyuma. Mtangazaji huyo alikuwa Henry Golding, mzaliwa wa Sarawak, mwana wa baba Mwingereza na mama wa kabila la Iban, aliyewahi kuwa msusi wa nywele Uingereza kabla ya kurudi Malaysia na kuanza kutangaza vipindi vya safari. Hakuwa ameigiza filamu hata moja, na mwanzoni hakutaka, akiamini kwamba nafasi hiyo ni ya mwigizaji wa kweli. Chu alitazama video zake za safari, akaona namna anavyozungumza na watu asiowajua, akamshawishi kufanya usaili.

Uteuzi wa Golding ulilalamikiwa na baadhi ya watu kwa sababu ya damu yake mchanganyiko. Sikubaliani na lalamiko hilo, ingawa naelewa chanzo chake: watu waliosubiri miaka 25 wana haki ya kuogopa kupunjwa hata katika nafasi iliyopatikana. Lakini Golding ni Mmalaysia aliyezaliwa katika kisiwa cha Borneo na mama wa jamii ya asili ya kisiwa hicho, na kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba Uasia wake hautoshi ni kumfanyia kile kile ambacho Eleanor anamfanyia Rachel katika filamu.

Orodha iliyobaki ilikusanywa kutoka pande nyingi. Awkwafina, msanii wa kufoka kutoka Queens, New York, alimcheza Peik Lin, rafiki wa Rachel mwenye maneno mengi na moyo mkubwa. Ken Jeong alikuwa baba yake. Gemma Chan kutoka Uingereza alimcheza Astrid, binamu ya Nick anayeishi na mume aliyeshindwa kubeba uzito wa utajiri wa mkewe. Tan Kheng Hua, mwigizaji anayeheshimika Singapore, alikuwa mama yake Rachel. Bibi wa ukoo alichezwa na Lisa Lu, aliyezaliwa Beijing mwaka 1927, ambaye alikuwemo pia katika The Joy Luck Club. Mama huyo alikuwa ameishi pande zote mbili za ile miaka 25.

Michelle Yeoh ndiye aliyeigeuza filamu kutoka ndani. Mzaliwa huyu wa Ipoh, Malaysia, alikuwa na miongo mitatu ya umaarufu tangu filamu za mapigano za Hong Kong, na angeweza kuja, kumtisha mkamwana kwa macho makali, na kupokea malipo yake. Alimwambia Chu kwamba hatamcheza mtu mwovu. Alieleza kwamba atautetea utamaduni wa Eleanor kwa uwezo wake wote, upande wa Rachel nao utetewe kwa nguvu zote, na watazamaji waachwe waamue. Matokeo ya msimamo huo yanaonekana katika kila tukio alilomo. Katika riwaya, Eleanor ni mwanamke wa hila na anachekesha kwa hila zake. Katika filamu amekuwa mama aliyeacha masomo ya sheria ili kuijenga familia, ambaye naye hakutakiwa na mama mkwe wake, na ambaye amejifunza kuishi ndani ya nyumba isiyompenda. Anapomwambia Rachel kwamba hatatosha kamwe, anayarudia maneno ya maisha yake mwenyewe, na ukali wake unakuwa na asili.

Hata pete ilitoka mkononi mwa Yeoh. Chu hakuridhika na pete zilizoletwa kwa ajili ya filamu, hivyo Yeoh akaitoa pete yake halisi ya zumaridi ili itumike. Katika kisa, pete hiyo ilitengenezwa na mume wa Eleanor kwa sababu bibi alikataa kuitoa pete ya ukoo, na mwishoni, Nick anapopiga goti ndani ya ndege ya abiria wa kawaida, Rachel anaitambua zumaridi hiyo na kuelewa kwamba mama ameridhia. Hakuna anayetamka neno kuhusu ridhaa.

Meza ya majongi

Tukio ambalo ningemwonyesha yeyote anayeiona filamu hii kuwa maonyesho ya magauni na magari ni lile la majongi, mchezo wa Kichina unaochezwa kwa vigae, lililopigwa picha katika jumba la kale la buluu la Cheong Fatt Tze huko George Town, Penang. Halimo katika riwaya. Liliandikwa kwa ajili ya filamu, na wataalamu wa mchezo walihusishwa ili kila kigae kiwe mahali pake.

Rachel amemwita Eleanor, nao wanaketi wakikabiliana na kucheza huku wakizungumza. Rachel anaeleza kwamba Nick amemposa na amekuwa tayari kuiacha familia yake, na kwamba yeye amekataa, kwa sababu angemkubali, kijana angempoteza mama yake. Anapoyasema hayo anaokota kigae ambacho kingemshindia mchezo, mianzi nane, na badala ya kukitumia anakiweka mezani. Eleanor anakichukua na kushinda. Kisha Rachel anafunua vigae vyake, na mama anaona kwamba ushindi alioupata amepewa na msichana aliyekuwa na uwezo wa kuushika. Rachel anamwambia kwamba siku Nick atakapooa mwanamke anayemridhisha mama, na wajukuu wakacheza bustanini, iwe wazi kwamba hayo yamewezekana kwa sababu ya mwanamke maskini, mhamiaji, binti wa mama asiye na mume. Anainuka na kuondoka na mama yake aliyekuwa akimsubiri pembeni.

Filamu haielezi kanuni za majongi hata kidogo. Huo ni uamuzi wa ujasiri katika kazi iliyogharimiwa na studio ya Marekani, ambako desturi ni kumfafanulia mtazamaji wa Kizungu kila jambo geni. Anayeujua mchezo huona mazungumzo ya pili yakiendelea kwa vigae chini ya yale ya mdomo. Asiyeujua huelewa kutokana na nyuso, kama vile mtu asiyejua bao anavyoweza kusimama nyuma ya wachezaji na kutambua kwa mabega yao ni nani anayeelekea kufungwa. Wote wawili wanaheshimiwa.

Uzuri wa tukio hilo umejengwa tangu mwanzo wa filamu, pale Rachel anapomshinda msaidizi wake katika mchezo wa poka mbele ya wanafunzi na kueleza kwamba mwenzake alicheza kwa hofu ya kupoteza badala ya kucheza ili ashinde. Mhadhiri wa nadharia ya michezo anatambulishwa kama mtu anayejua kushinda, na kilele cha kisa kinamwonyesha akiamua kutoshinda. Kazi ya Chiarelli, aliyeujua vizuri mfumo wa kichekesho cha mapenzi, na kazi ya Lim, aliyeujua mzozo wa mama na mkamwana, zinakutana katika meza hiyo, na sioni namna ya kuzitenganisha.

Upigaji picha uliendelea kati ya Aprili na Juni 2017 nchini Malaysia na Singapore. Jumba la ukoo wa Young lilipatikana Kuala Lumpur, katika majengo ya enzi ya ukoloni ya Carcosa Seri Negara, yaliyopambwa upya kwa kazi kubwa ya mbunifu wa mandhari Nelson Coates. Wimbo wa mwisho ni Yellow wa bendi ya Coldplay, ulioimbwa kwa Kichina na Katherine Ho. Neno hilo la njano limetumika kama tusi dhidi ya watu wa Asia, na bendi nayo ilikuwa imekataa ombi la kwanza. Chu aliwaandikia barua binafsi, akaeleza kwamba wimbo wao ulimfanya aione rangi hiyo kwa uzuri, na ruhusa ikatolewa haraka.

Kuna lawama moja nzito ambayo haiwezi kupuuzwa. Singapore ni nchi ya Wachina, Wamalay, Wahindi na wengine, lakini filamu iliwaonyesha Wamalay na Wahindi kwa nadra, na zaidi kama walinzi na watumishi. Watu wa Singapore walilisema hilo waziwazi. Anayedai kuonekana hawezi kuwasahau walio pembeni yake, na kwa kweli riwaya yenye matajiri wa Kichina kama kitovu chake haikuwazuia waandaaji kuwapa watu hao sauti katika masoko, mitaa na karamu ambazo filamu yenyewe ilizipitia.

Kwa nini sinema ilikuwa muhimu

Wengi hulieleza chaguo la Kwan na Chu kwa lugha ya heshima: walitaka watu wa Asia waonekane kwenye kioo kikubwa. Hilo ni kweli, lakini ipo sababu ya kibiashara ambayo naiona kuwa na nguvu zaidi. Filamu ya sinema huhesabiwa hadharani. Jumatatu asubuhi kila mtu katika Hollywood anajua tiketi zimeuzwa kwa kiasi gani, na takwimu hiyo haiwezi kufichwa wala kubishaniwa. Mwaka 2016 Netflix haikuwa na desturi ya kutoa takwimu za utazamaji wake kwa umma. Filamu ingeweza kutazamwa na mamilioni, na ushahidi huo ukabaki mali ya kampuni moja. Hoja ya miaka 25 ilikuwa kwamba filamu hizi haziuzi. Ingejibiwa tu kwa takwimu ambayo mpinzani mwenyewe angelazimika kuisoma.

Filamu ilitoka Jumatano, tarehe 15 Agosti 2018. Wafanyabiashara na wasanii wenye asili ya Asia walinunua kumbi nzima za sinema katika miji mbalimbali ya Marekani ili watu wengine waingie bila kulipa. Katika siku tatu za mwisho wa wiki ya kwanza ilipata takriban dola milioni 26.5 Marekani na Kanada, na kwa siku tano za mwanzo zaidi ya milioni 35. Takwimu inayonigusa zaidi ni ya wiki ya pili: kwa kawaida filamu hupoteza nusu ya mapato yake au zaidi, lakini hii ilishuka kwa takriban asilimia 6 tu. Kushuka kidogo namna hiyo kunaonyesha kwamba watu walikuwa wakirudi na wazazi wao, na waliokwisha kuiona walikuwa wakiwaambia wengine. Kwa jumla ilipata zaidi ya dola milioni 174 Amerika Kaskazini na takriban milioni 239 duniani kote, kutokana na bajeti ya milioni 30. Nchini China ilifanya vibaya, wala hilo halinishangazi. Kisa cha binti wa mhamiaji anayerudi kutafuta kukubalika ni kidonda cha waliohama, na waliobaki nyumbani hawakuwa na sababu ya kukihisi kwa namna ile ile.

Kwa waigizaji, milango ilifunguka. Wu aliteuliwa kuwania tuzo ya Golden Globe kama mwigizaji bora wa kike katika filamu za vichekesho au muziki. Golding alipata nafasi kuu nyingine mara moja, Awkwafina akashinda Golden Globe Januari 2020 kwa The Farewell, na Yeoh akapata tuzo ya Oscar mwaka 2023 kwa filamu nyingine.

Malipo ya Adele Lim

Warner Bros. ilitangaza nia ya kutengeneza filamu ya pili, kukiwa na riwaya mbili zaidi za Kwan za kutumia. Septemba 2019, jarida la Hollywood Reporter liliandika kwamba Lim amejiondoa. Kwa mujibu wa taarifa hiyo, ofa ya kwanza kwa Chiarelli ilikadiriwa kuwa kati ya dola laki nane na milioni moja, na kwa Lim ilianzia laki moja na elfu kumi. Maelezo ya studio yalikuwa kwamba malipo hufuata uzoefu wa mtu katika filamu za sinema, na kwamba kumpandisha Lim kungeharibu utaratibu wa sekta nzima. Chiarelli alijitolea kumgawia sehemu ya malipo yake, na hilo lilikuwa tendo la kiungwana. Lim alikataa, akisema kwamba usawa wa malipo haupaswi kutegemea ukarimu wa mwandishi mwenzake mwanamume wa Kizungu. Alieleza pia kwamba wanawake na watu wasio Wazungu mara nyingi huajiriwa kuongeza tu ladha ya utamaduni juu ya kazi inayohesabiwa kuwa ya wengine.

Nimeyapima maelezo ya studio kwa haki, nayo hayasimami. Uzoefu wa filamu za sinema ambao Lim aliukosa ni ule ule ambao watu wa aina yake walinyimwa kwa miaka yote ambayo filamu hizi hazikutengenezwa. Kumlipa kwa kipimo hicho baada ya filamu kupata milioni 239 ni kuirudisha kwa mlango wa nyuma ile hoja ambayo filamu yenyewe ilikuwa imeivunja. Studio iliamini kwamba mtazamaji atanunua tiketi kumwona mwigizaji asiyejulikana, kwa kuwa kazi ni nzuri, lakini haikukubali kumpimia mwandishi kwa kazi hiyo hiyo nzuri.

Hapa ndipo hesabu ya Oktoba 2016 inapopaswa kufanywa upya. Siku mbili tu baada ya Crazy Rich Asians kutoka, Netflix ilitoa To All the Boys I've Loved Before, kichekesho cha mapenzi ambacho mhusika wake mkuu alichezwa na Lana Condor, mwigizaji mzaliwa wa Vietnam. Filamu hiyo ilifuatwa na ya pili mwaka 2020 na ya tatu mwaka 2021. Ahadi ya filamu tatu ambayo Kwan na Chu waliikataa ilitimizwa kwa wengine. Kwa upande wao, Amy Wang alitajwa mwaka 2022 kuwa mwandishi mpya wa filamu ya pili, na filamu yenyewe haikufuata. Tukio fupi lililowekwa katikati ya majina ya mwisho, ambapo Astrid anatazamana na mchumba wake wa zamani Charlie kwenye karamu, lilikuwa limetengenezwa ili kuanzisha kisa kingine.

Bado nashikilia kwamba walichagua vyema, kwa sababu ile takwimu ya Jumatatu ilihitajika, na isingepatikana kwa njia nyingine. Kosa lao, kama ni lao, lilikuwa la mikataba. Kwan alipouza haki kwa dola moja alijua kwamba anayetaka kuulinda undani wa kisa lazima aandikiwe nafasi yake kabla kazi haijaanza, si baada ya mafanikio. Masharti ya namna hiyo yangemfaa Lim mwaka 2016, wakati studio mbili zilipokuwa zikishindania mradi na watengenezaji wakiwa na nguvu ya kudai chochote, ikiwemo kipimo cha malipo ya waandishi wote wawili iwapo filamu ya pili ingeandikwa. Kufikia mwaka 2018 majadiliano yalifanyika na upande mmoja tu, na upande huo ulikuwa umeshapata ulichokitaka.